Walioachwa majini: habari za meli zilizochukua askari wakati wa vita

Juma moja tulipokuwa tukieleza amri ya tano kwa wanafunzi wa dini, kijana mmoja aliinua mkono akauliza swali ambalo hatukuwa tayari kulijibu. Alisema: «Mwalimu, nimesikia kwamba wakati wa vita kuu ya pili mkubwa wa manowari moja ya Waingereza alitupa mabomu katikati ya watu wa upande wake mwenyewe, waliokuwa wakielea baharini. Wengi wao walikuwa askari wa Afrika. Je, mtu yule ni mwuaji?»

Darasa zima likanyamaza. Tulimwambia kwamba tutamjibu juma lijalo, maana hakimu asiyesikia habari yote hukata shauri kwa upofu. Basi tulitafuta, tukasoma, na tuliyoyapata twawaletea leo ninyi wasomaji, kwa sababu swali lile si la kijana yule peke yake.

Meli ya askari

Sisi watu wa bara twajua mitumbwi ya mto na meli za ziwa. Wengi wetu tumevuka ziwa Tanganyika, na hata katikati ya safari tuliweza kuona milima. Bahari kuu si hivyo. Siku saba, siku kumi, siku ishirini, jicho halioni kitu ila maji na mbingu. Na anayesafiri humo hana la kufanya kwa nguvu zake mwenyewe. Uhai wake umo mikononi mwa nahodha.

Zile meli zilizochukua askari, nyingi hazikujengwa kwa vita. Zilikuwa meli za abiria na za biashara. Vita ilipoanza, serikali ilizitwaa. Zikapakwa rangi ya kijivu, zikatiwa mzinga mmoja au miwili, na vyumba vya starehe vikageuzwa kuwa mabweni. Askari wa kawaida walilazwa chini, karibu na tumbo la meli, katika vitanda vya turubai vilivyotundikwa kwa kamba. Humo hewa ni nzito, ngazi ni chache, na mlango wa kutokea u mbali. Meli kubwa ya Waingereza iitwayo Queen Mary, ambayo wakati wa amani ilichukua abiria 2,000 hivi, mwezi wa Julai 1943 ilivuka bahari ya Atlantiki na watu 16,683 kwa mara moja.

Safari hizo zilikuwa na amri kali. Usiku taa isionekane nje, hata moto wa sigara. Kila mtu awe na koti lake la kuelea karibu naye. Meli ziende kwa msafara, zikilindwa na manowari, tena mara nyingi zipinde njia, mara kuume, mara kushoto, ili adui asiweze kulenga. Na amri moja iliwaumiza mabaharia kuliko zote: meli yenye askari isisimame kwa sababu yoyote. Meli iliyosimama ni kama mnyama aliyefungwa kamba. Nyambizi, yaani manowari ipitayo chini ya maji, haihitaji kuikimbilia.

Amri hiyo ilionyesha ukali wake tarehe 2 Oktoba 1942, kaskazini ya Ireland. Queen Mary ilikuwa ikileta Ulaya askari wa Marekani wapata 10,000. Manowari ya Waingereza, jina lake Curacoa, ilikuja kuilinda. Njia zao zikakutana vibaya, na ile meli kubwa ikaikata manowari vipande viwili. Nahodha wa Queen Mary aliwaona mabaharia wenzake majini, lakini hakusimama. Alipeleka habari kwa simu ya upepo ili manowari nyingine zije kuwaokoa, akaendelea na safari yake. Watu 337 wa Curacoa walikufa, 101 waliokolewa. Mtu aliyekuwa juu ya Queen Mary siku ile alijifunza kwamba vitani hata huruma huwekewa mpaka.

Basi swali la kijana wetu limekwisha kuonekana: mtu aliye majini, ni wajibu wa nani? Tuangalie meli tatu, kila moja na jibu lake.

Mendi, mwaka 1917

Ya kwanza ni Mendi, ya wakati wa vita kuu ya kwanza. Serikali ya Afrika ya Kusini ilipeleka Ufaransa watu weusi karibu 21,000 kufanya kazi nyuma ya vita: kupakua meli, kuvunja mawe, kukata miti, kutengeneza njia. Hawakupewa bunduki, kwa kuwa wakubwa wa nchi ile waliogopa mtu mweusi azoee silaha mbele ya mzungu.

Mwezi wa Januari 1917 Mendi iliondoka Cape Town na zaidi ya watu 800 wa kikosi cha tano. Ilipita Lagos, ikafika Uingereza salama, ikaanza kipande cha mwisho kwenda Le Havre. Tarehe 21 Februari, saa kumi na moja alfajiri, karibu na kisiwa cha Wight, ukungu ulikuwa mzito. Mendi ilikwenda polepole ikipiga filimbi yake. Mara ikatokea meli nyingine, Darro, kubwa kuliko Mendi kwa zaidi ya mara mbili. Ilikuja kwa mwendo wa kasi, bila kupiga filimbi, ikaitoboa Mendi ubavuni. Wengine walikufa papo hapo mahali walipolala. Baada ya dakika zipatazo ishirini Mendi ikazama.

Maji ya Ulaya mwezi wa Februari ni baridi ya kuua. Wengi walikuwa watu wa mashambani ambao kabla ya safari ile hawakupata kuona bahari. Manowari ndogo iliyowasindikiza, Brisk, iliteremsha mashua na kuwatafuta gizani. Lakini Darro, iliyofanya ajali ile na yenyewe ikabaki ikielea, ilikaa pale pale bila kuteremsha mashua hata moja kwa ajili yao. Waafrika weusi 607 walikufa, pamoja na wakubwa wao wachache na mabaharia 30 hivi.

Nahodha wa Darro, Henry Stump, hakuwa na nyambizi mbele yake. Hakuwa na amri ya kumkataza kusimama; naye alikuwa amekwisha kusimama. Tena sheria ilikuwapo. Tarehe 23 Septemba 1910 mataifa mengi yalitia sahihi mjini Bruxelles mapatano yasemayo kwamba meli mbili zikigongana, kila nahodha anapaswa kuwasaidia watu wa meli ya pili, kadiri awezavyo bila kuhatarisha sana meli yake na watu wake. Baraza la uchunguzi lilimwona ana hatia ya kwenda mbio ukunguni bila filimbi, na ya kutowasaidia waliozama. Adhabu yake ikawa nini? Alinyang'anywa cheti cha unahodha mwaka mmoja. Mwaka mmoja kwa watu zaidi ya 600.

Hapo jibu ni jepesi. Aliyeweza kuokoa, akakaa kimya akisikia vilio, hana la kujitetea.

Laconia, mwaka 1942

Meli ya pili ni Laconia. Hiyo nayo ilikuwa meli ya abiria ya Waingereza, iliyotwaliwa kwa vita. Mwezi wa Septemba 1942 ilikuwa ikirudi kutoka Suez kwa njia ya Afrika ya Kusini. Ndani yake kulikuwa na watu zaidi ya 2,600: mabaharia, askari wa Kiingereza, wanawake na watoto, na mateka wa Kiitalia karibu 1,800 waliofungiwa chini pamoja na walinzi wao wa Kipolandi.

Tarehe 12 Septemba, saa mbili usiku, nyambizi ya Wajerumani U-156 iliipiga kwa torpedo, yaani bomu refu kama samaki liendalo lenyewe majini. Mkubwa wa nyambizi, Werner Hartenstein, alipokaribia alisikia watu wakilia kwa Kiitalia. Akajua amewazamisha marafiki wa taifa lake. Hapo akaanza kuwatoa majini. Lakini hakuwachagua Waitalia tu. Aliwapandisha Waingereza pia, na wanawake, na watoto; akawapa supu na chai; akazifunga mashua za kuokolea kwa kamba ili azivute. Kisha akatangaza kwa simu ya upepo, kwa Kiingereza, kwamba meli yoyote itakayokuja kusaidia hataipiga, mradi naye asipigwe. Nyambizi nyingine mbili za Wajerumani na moja ya Waitalia zikaja kushirikiana naye.

Siku ya nne, tarehe 16 Septemba, ndege ya Wamarekani ikatokea kisiwa cha Ascension. Hartenstein alitandaza bendera yenye msalaba mwekundu juu ya nyambizi yake. Ndege ikaenda, ikauliza amri, ikarudi na kutupa mabomu. Bomu moja likaangukia mashua yenye watu. Hartenstein akalazimika kukata kamba, kuwarudisha majini wale aliokuwa amewapandisha, na kuzama chini. Baadaye meli za Wafaransa kutoka pwani ya Afrika ziliwaokota wengi wa waliobaki. Zaidi ya 1,000 walipona; zaidi ya 1,600 walikufa, na walio wengi walikuwa wale mateka wa Kiitalia.

Jambo hilo lilizaa ubaya mwingine. Tarehe 17 Septemba mkubwa wa nyambizi zote za Wajerumani, Karl Dönitz, alitoa amri kwamba tangu hapo nyambizi zisiokoe mtu yeyote wa meli zilizozamishwa. Vita ilipokwisha, amri hiyo ilisomwa mbele ya mahakama ya Nürnberg, na mahakimu wakailaumu vikali. Hartenstein mwenyewe hakuishi kuyaona hayo; alikufa na watu wake wote mwezi wa Machi 1943, nyambizi yake ilipopigwa na ndege.

Hatumfanyi Hartenstein kuwa mtakatifu. Ni yeye aliyeizamisha Laconia. Lakini kwa siku nne alionyesha kwamba hata katikati ya vita aliye majini aweza kuhesabiwa kuwa mtu tu, si Mwingereza wala Mwitalia.

Khedive Ismail, mwaka 1944

Sasa tumefika kwenye meli aliyoiuliza kijana wetu. Jina lake lilikuwa Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya nchi ya Chile, ikiitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri, ikapewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Tangu mwaka 1940 ilikuwa ikichukua askari.

Mwanzoni mwa Februari 1944 ilitoka Mombasa kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, kiitwacho sasa Sri Lanka. Wakati ule Waingereza walikuwa wakikusanya majeshi yao kupigana na Wajapani huko Burma, na askari wengi wa Afrika ya Mashariki walipelekwa. Ndugu zetu wa Kongo pia walivuka bahari ile ile: kikosi cha waganga na wauguzi wa Kongo ya Wabelgiji kilihudumia majeruhi Madagaskari, na baadaye Burma, pamoja na majeshi ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo habari hii si ya majirani tu.

Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511. Kundi kubwa kupita yote lilikuwa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, watu 996 pamoja na maofisa wao. Lugha ya kambi zao ilikuwa Kiswahili. Walikuwamo pia mabaharia wa serikali ya Uingereza, na wanawake 83, wengi wao wauguzi. Msafara ulikuwa wa meli tano za askari, na mwishoni ulilindwa na manowari tatu: Hawkins iliyo kubwa, na mbili ndogo ziendazo mbio, Petard na Paladin.

Tarehe 12 Februari ilikuwa Jumamosi. Msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi, safari imekaribia kwisha. Baada ya chakula cha mchana watu walipumzika. Wengine walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki, na wengi walikuwa chini mahali pao pa kulala. Saa nane na nusu hivi, nyambizi ya Wajapani I-27, mkubwa wake Toshiaki Fukumura, ilifyatua torpedo, na mbili zikaipata Khedive Ismail. Meli ikalala ubavu, ikavunjika, ikazama. Tangu kupigwa hata kutoonekana tena zilipita dakika mbili tu. Msomaji ahesabu mwenyewe: kwa dakika mbili, je, mtu aliyelala chini ya ngazi tatu afika wapi?

Meli nyingine nne zilikimbia mbele pamoja na Hawkins. Petard na Paladin zikabaki. Paladin ikateremsha mashua kuwaokota watu walioshika mbao na vyelezo. Petard ikaitafuta nyambizi, na mtambo wake wa kusikiliza ukaonyesha kwamba adui yuko chini ya mahali pale pale walipoelea watu.

Hapo yatupasa kueleza silaha iliyotumika. Ni pipa la baruti linalotupwa majini ili lipasuke likifika kina fulani. Haliui kwa vipande vyake tu. Huyasukuma maji kwa nguvu ya kutisha, na maji hayo huponda chuma cha nyambizi. Lakini maji yanayoponda chuma hupasua pia matumbo na mapafu ya mwanadamu anayeelea karibu. Mkubwa wa Petard, Rupert Egan, aliyajua hayo. Mabaharia wake waliyajua. Wale walioko majini walinyosha mikono wakidhani meli inawajia wao.

Egan akaamuru mapipa yatupwe. Meli ikapita, maji yakapanda juu kama mlima, na wengi waliookoka torpedo wakafa kwa mapipa.

Mwishowe nyambizi iliyojeruhiwa ilitokea juu. Mizinga ya manowari zile mbili haikutosha kuizamisha. Paladin ikajaribu kuigonga, ikachanika ubavu wake yenyewe. Petard ikafyatua torpedo zake moja moja. Ya saba ndiyo iliyoipiga, na I-27 ikazama saa kumi na moja jioni hivi. Vita ile ilidumu muda wa masaa mawili na nusu, na mahututi wakingoja majini.

Waliookolewa walikuwa 214: wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa walikuwa 1,297. Yaani, katika kila watu saba, sita walikufa. Waliobaki walipelekwa kisiwa cha Addu.

Je, alikuwa mwuaji?

Basi tulirudi darasani na habari hizi. Tulitaka wanafunzi wapime wenyewe, tukawauliza maswali matatu. Egan alitaka nini? Je, alikuwa na njia nyingine? Na kama asingefanya vile, nani angekufa?

Msichana mmoja alisema: «Meli nne zilikuwa zimekwisha kukimbia. Angengoja mpaka watu waokotwe.» Neno lake lina uzito, wala hatukulidharau. Lakini mwingine alimjibu kwamba Paladin ilikuwa na mashua zake majini, nayo ingekuwa shabaha nyepesi. Kama Paladin ingepigwa, na Petard baada yake, nani angebaki kumwokota hata mmoja? Tena nyambizi ikiachwa, kesho ingeizamisha meli nyingine kutoka Mombasa, yenye askari wengine kama wale.

Tulivyoona sisi ni hivi. Mwuaji ni yule anayekitaka kifo cha asiye na hatia, ama kama lengo, ama kama njia ya kufikia lengo lake. Egan hakukitaka kifo cha watu wale. Hakikumfaa kitu, wangeweza wote kuogelea mbali, naye angefurahi. Alimtaka adui aliyekuwa chini yao. Kwa hiyo hatuthubutu kumwita mwuaji. Lakini wala hatuthubutu kusema kwamba siku ile lilifanyika jambo jema. Padri aliyetufundisha maadili seminarini alizoea kusema kwamba kuna matendo ambayo mtu aweza kuyafanya bila dhambi, na bado asiweze kuyasimulia bila machozi. Wakati ule tulikuwa vijana, tukaandika maneno yale daftarini bila kuyaelewa. Habari ya Petard imetuelewesha.

Na sasa tuwaweke pamoja wale manahodha. Stump wa Darro aliweza kuokoa, hakutaka. Nahodha wa Queen Mary alitaka, hakuruhusiwa. Hartenstein, adui, aliokoa mpaka alipozuiwa kwa mabomu. Egan alilazimika kuchagua nani afe. Tukiwachanganya wote na kusema «vita ni vita», twamfunika yule mwenye hatia kwa shuka ya wale wasio nayo. Neno lile «vita ni vita» husemwa kwa urahisi na mtu aliye pwani. Limesemwa mara nyingi katika nchi yetu pia, na waliolisema hawakuwa wenye kuzama. Wazee walisema: mfa maji haachi kutapatapa. Anayetapatapa aweza hata kumshika shingo anayekuja kumwokoa, lakini hayo hayamwondolei haki yake ya kuokolewa.

Majina

Tulidhani mafundisho yamekwisha. Lakini kijana yule yule akainua mkono tena: «Mwalimu, na majina yao yako wapi?»

Swali hili tuliweza kulijibu kidogo. Bahari haina kaburi, lakini kule Nairobi, katika makaburi ya vita, liko jengo la ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, na humo wamekumbukwa askari waliopotea na Khedive Ismail. Watu wa Mendi majina yao yameandikwa Hollybrook, mjini Southampton. Serikali ya Afrika ya Kusini ya zamani ilikataa kuwapa weusi wale medali. Lakini mwaka 2003 nchi ile iliweka nishani ya ushujaa yenye jina la Mendi. Hata kengele ya meli hiyo, iliyotolewa baharini na kufichwa miaka mingi, ililetwa mwaka 2017 na mtu asiyejitaja, na mwaka 2018 ikarudishwa Afrika ya Kusini.

Lakini wako wengi wasioandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika vita kuu ya kwanza, hasa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wapagazi. Walibeba mizigo ya wengine, na walipoanguka hakuna aliyebeba hata majina yao.

Kwa hiyo twawaomba, wasomaji wapenzi, jambo moja dogo. Kama katika ukoo wenu yuko babu au mjomba aliyekwenda vitani, Abisinia, Burma au kwingineko, akarudi au asirudi, waulizeni wazee wangali hai. Andikeni jina lake, kijiji chake, kikosi chake kama chajulikana, na mahali alipokufa. Mleteeni paroko karatasi hiyo kabla ya tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, ili jina lake lisomwe pamoja na mengine.

Kijana yule ameanza. Juma lililopita alituletea majina mawili, yameandikwa kwa kalamu ya risasi, na chini yake ameandika jina la bibi yake aliyemsimulia.